Mgema wa Seli

Ni chupa ya plastiki, bapa, imelazwa ubavu ndani ya kabati lenye joto la nyuzi 37. Ukiitoa na kuielekeza kwenye taa utaona vidonge vya kijivu vimetua chini, vingi vikiwa havizidi punje ya ulezi. Juu ya vidonge kuna kimiminika ambacho wiki iliyopita kilikuwa angavu. Leo kina ukungu mwembamba, kama maji ya mchele uliooshwa mara ya pili. Ukungu huo ni seli. Ni seli changa za binadamu, za ukoo wa walinzi wa mwili, zilizojichomoa kwenye vidonge moja moja na kubaki zikielea. Fundi anaiinamisha chupa taratibu ili vidonge vikusanyike pembeni, anafyonza kimiminika kwa pipeti, anamimina lishe mpya, anairudisha chupa mahali pake. Wiki ijayo atakuta ukungu mwingine. Atavuna hivyo kwa miezi kadhaa kutoka chupa ileile.

Watu wa Pwani tunamjua mwenye kazi ya namna hii. Mgema hauangushi mnazi ili apate tembo. Anapanda, anachanja ncha ya karara, anatundika kibuyu, anashuka. Kesho anarudi. Akichanja kidogo mno, utomvu hautoki. Akichanja kwa pupa, karara linakwisha kabla ya siku zake. Mnazi ndio unaofanya kazi, na ustadi wa mgema ni kuujua mti kiasi cha kuufanya uendelee kutoa. Kila ninaposoma jinsi seli za kinga zinavyooteshwa maabara, picha inayonijia ni ya mtu huyo aliye juu kule, kisu kiunoni.

Njia ya chupa ninayoieleza ilichapishwa mwaka 2013 na watafiti wa Shule ya Patholojia ya Sir William Dunn, Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Shule hiyo ina historia yake ya kugema. Mwaka 1940, vita ikiwa imepamba moto, Norman Heatley alikuwa akiotesha humo kuvu wa penisilini. Vyombo vilikuwa haba, akatumia hata vile vya haja vya wagonjwa wasioweza kutoka kitandani, kisha akabuni vyombo vya kauri vyenye umbo la namna hiyo na kuagiza mamia. Heatley aligundua kwamba utando wa kuvu ukishatanda hakuna haja ya kuutupa: unafyonza maji yaliyo chini yake, yenye dawa ndani, unaweka lishe mpya, na utando unatoa tena. Ni mkono uleule, nadhani. Zaidi ya miaka 70 baadaye, kilichobadilika ni kile kinachovunwa.

Na kinachovunwa ni makrofaji. Jina hilo kwa Kiyunani maana yake ni mlaji mkubwa, na mlaji kweli: hula bakteria, hula seli zilizokufa, hukizingira hata kibanzi kilichoingia kidoleni. Mtu wa kwanza kuielewa kazi yake alikuwa Ilya Metchnikoff, mwaka 1882, mjini Messina kwenye kisiwa cha Sicily. Alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, ambavyo vina mwili angavu kama kioo, akavichoma miiba, akangoja mpaka asubuhi. Seli zilikuwa zimetembea na kuuzingira mwiba. Hapakuwa na damu wala mishipa katika kiumbe kile kidogo, lakini ulinzi ulikuwepo. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel kwa jambo ambalo mtoto yeyote wa Pwani mwenye hadubini na viti vya pweza tele ufukweni angeweza kuliona, kama angekuwa na subira ya kulala na kuamka na swali lilelile.

Makrofaji unaweza kuzipata kwa kutoa watu damu, na ndivyo ilivyofanywa kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba seli hizo zikishakomaa hazizaliani. Damu ya mtu huyu inaisha, unamtafuta mwingine, na huyo mwingine hafanani na wa kwanza. Ukitaka kubadili jeni moja ili ujue kazi yake, makrofaji iliyokomaa ni mkaidi. Ina desturi ya kumeza au kuharibu kila unachoiingizia, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi iliyozaliwa nayo. Ndiyo maana ikabidi watu warudi nyuma, hadi kwenye shina.

Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua. Kwa muda mrefu zile zenye uwezo wa kuwa chochote zilitoka kwenye viinitete tu, na zilikuja na maswali mazito ya maadili. Huko Kyoto, Japani, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi waliorodhesha jeni 24 ambazo walihisi ndizo zinazoitunza hali hiyo ya utoto. Wakazitia zote kwa pamoja katika seli za kawaida za panya, na baadhi ya seli zikarudi utotoni. Lakini zipi kati ya hizo 24? Takahashi akafanya kama mpishi aliyeonja pilau asijue ni kiungo gani kinachoipa ladha: rudia upishi mara 24, kila mara ukiacha kiungo kimoja, uone ni lini ladha inapotea. Hatimaye zikabaki jeni nne. Hiyo ilikuwa mwaka 2006. Mwaka uliofuata wakaifanya kazi hiyo kwa seli za ngozi ya binadamu, na mwaka 2012 Yamanaka akashiriki Nobel na John Gurdon. Mimi humheshimu sana Yamanaka, ila moyo wangu uko kwa ile orodha ya majaribio 24. Kujumlisha kila mtu anaweza. Kuondoa kimoja kimoja, bila kuchoka na bila kudanganyika, ni ufundi.

Siku hizi ngozi kidogo au kijiko cha damu kinatosha kuanzia. Kisha yanafuata malezi, na hapa ndipo ningependa msomaji akae kidogo, kwa kuwa magazeti hupita haraka.

Seli shina za binadamu hazina akiba. Katika njia nyingi hulishwa kila siku, na hazijui Jumapili wala Idi. Katika maabara za namna hii kuna ratiba ukutani ya nani atakuja siku ya mapumziko kulisha visahani. Lishe ina rangi ya waridi, na rangi hiyo ni lugha. Ikianza kuelekea manjano, seli zimelundika asidi: zimeshakuwa nyingi, au zimecheleweshewa chakula. Fundi mzoefu anafungua mlango wa inkubeta, lile kabati la joto, na kabla hajagusa kitu amekwisha kujua kisahani kipi kina shida, kama mama anavyojua kwa namna mtoto alivyolala.

Halafu hadubini. Seli hizi hukaa kwa makundi, yanaitwa koloni. Koloni zuri ni bapa, limebanana, ukingo wake laini unang'aa kidogo, na seli za ndani hazitofautiani. Koloni lililoanza kuharibika hujitambulisha kwa mambo madogo: katikati pamevimba na kuingia giza, au ukingo umechanika na seli za pembeni zimerefuka, zimetoka kundini. Maana yake zimeanza kuchagua, mapema, zenyewe, na chaguo lake mara nyingi si lile unalolitaka. Fundi huliparua koloni hilo kwa ncha ya pipeti, akiwa ameinamia hadubini, bila kumgusa jirani. Kazi hii ina mwendo wa mtu anayepalilia kitalu cha miche: macho chini, mkono mwepesi, na hakuna anayekuja kukupigia makofi.

Koloni zikijaa hugawanywa. Hapo pia kuna adabu yake. Seli shina ya binadamu ikitenganishwa na wenzake ikabaki peke yake, hujiua. Kwa hiyo kwa miaka mingi zilihamishwa kwa mafungu, si moja moja, na ilikuwa lazima mkono ujue fungu liwe kubwa kiasi gani. Mwaka 2007 watafiti wa Kobe walionyesha kuwa kuna kemikali inayozizuia zisijiue zinapotenganishwa, nayo ikawapunguzia mafundi huzuni nyingi. Hata hivyo wengi bado wanagawa kwa mafungu, kwa sababu seli zilizozoea kuishi pweke nazo huleta mambo.

Na jambo linalonivutia kuliko yote: ustawi wa kupita kiasi ni ishara mbaya. Katika wingi huo wa seli hutokea moja iliyopata nakala ya ziada ya kipande cha kromosomu 20, ikawa ngumu kufa, ikawazidi wenzake kasi. Baada ya wiki chache kisahani kizima ni kizazi chake. Anayeanza kazi hufurahi: seli zangu zimeshika! Mzoefu huingiwa na wasiwasi, anazipeleka zikapimwe kromosomu, na zikionekana na kasoro anazimwaga zote, kazi ya miezi, anarudi kwenye akiba iliyogandishwa.

Nalisema hili pia kwa sababu mijini mwetu kuna unga na vidonge vinavyouzwa kwa jina la seli shina, eti vinatibu sukari, presha na mgongo. Aliyewahi kuelezwa jinsi seli hizi zinavyodhoofika kwa kucheleweshewa chakula, zinavyotaka nyuzi 37, na zinavyokufa zikitenganishwa tu, hawezi kuamini kwamba kuna seli shina hai ndani ya pakiti iliyokaa dukani. Wagonjwa wanauza mifugo kununua vitu hivyo. Inaniuma.

Turudi chupani. Siku ya kuanza, fundi anachukua seli shina safi, anazihesabu, anazimimina kwenye sahani yenye vishimo vidogo na kuzizungusha kwa mashine ili zitulie chini, takribani 10,000 katika kila kishimo. Zinashikamana kuwa kidonge. Kwa siku nne zinapewa protini tatu: BMP4, VEGF na SCF. Hizi ni lugha za kiinitete. Ya kwanza inaziambia seli ziache utoto na kuelekea kwenye tabaka linalozaa damu na misuli. Nyingine mbili zinazielekeza kwenye mishipa na damu. Hakuna anayezichonga wala kuzipanga. Ndani ya kidonge kunajengeka kitu chenye vyumba na mashimo, kinachofanana kwa mbali na siku za mwanzo za mimba, kisha vidonge vinahamishiwa kwenye chupa ile bapa na kupewa protini mbili tu, IL-3 na M-CSF.

Baada ya hapo, kungoja. Wiki ya kwanza hakuna kitu. Wiki ya pili pengine vidonge vimejishikiza chini na kuota mizizi kama viazi vilivyosahauliwa. Mgeni angedhani kazi imeharibika. Kuanzia wiki ya tatu hivi, monosaiti za kwanza, yaani zile seli changa zinazotangulia makrofaji, zinaanza kuelea, na zikishaanza haziachi kwa miezi. Unazikusanya, unaziweka kwenye kisahani kipya pamoja na M-CSF peke yake, na katika siku saba zinatua, zinatanuka, zinatoa miguu na kuanza kula. Ukiziwekea vipande vya chachu vilivyotiwa rangi, utaviona tumboni mwake.

Kuna jambo walilothibitisha hukohuko Oxford mwaka 2017 ambalo limenifanya niipende zaidi njia hii. Mwilini, makrofaji hazitoki sehemu moja. Nyingine huzaliwa na uboho maisha yote. Lakini zile za kwanza kabisa huzaliwa kwenye mfuko wa kiini, wiki za mwanzo za mimba, kabla uboho haujakuwepo, na baadhi ya vizazi vyake hubaki ndani ya ubongo hadi uzeeni. Ukoo wa uboho unahitaji jeni iitwayo MYB. Ukoo wa mfuko wa kiini hauihitaji. Watafiti wakaiondoa jeni hiyo kwenye seli shina, wakaanzisha chupa, wakangoja. Makrofaji zikatoka kama kawaida. Kumbe vidonge vile havikuwa vikiiga uboho hata kidogo. Vilikuwa vikipita njia ya zamani zaidi, ile ya mfuko wa kiini, bila mtu kuviagiza. Fundi alikuwa ameandaa mazingira, na seli zikakumbuka zilikotoka.

Makrofaji ndizo nyepesi kulea. Seli za T, walinzi wengine wa mwili, ni habari nyingine, na zinastahili tuzitazame ingawa kwa ufupi, kwa sababu zinaonyesha jinsi ufundi huu ulivyo wa kugusana.

Seli ya T haikomai popote ila kwenye thaimasi, tezi iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa katikati. Jacques Miller aliligundua hilo mwaka 1961 huko Uingereza, alipoondoa tezi hiyo kwa panya waliozaliwa karibuni na kuona wamebaki bila kinga ya maana. Thaimasi ni kama kumbi la jando. Wari huingia wengi, wanakaa ndani, wanashikwa na walezi, wanajaribiwa: je, unawatambua ndugu zako? Je, utawashambulia? Tofauti na jando letu, ni wachache mno wanaotoka hai. Zaidi ya tisa kati ya kila kumi hufia humo.

Utalijengaje kumbi hilo ndani ya kisahani? Mwaka 1994 watafiti wa Kyoto walieleza kazi ya seli walezi walizoziita OP9, zilizotokana na fuvu la panya mchanga mwenye kasoro ya kuzaliwa: hatengenezi M-CSF. Msomaji anaikumbuka, ndiyo protini ileile ambayo mgema wa Oxford humimina chupani. Hapa ilibidi isiwepo, maana ikiwepo makrofaji zingezaliana na kumeza nafasi yote. Kinachotafutwa na mmoja ndicho kinachokimbiwa na mwingine. Juu ya OP9 seli shina za damu ziligeuka kuwa seli za B, bila shida, lakini za T hazikuja. Mwaka 2002, mjini Toronto, Thomas Schmitt na Juan Carlos Zúñiga-Pflücker waliwapa walezi hao protini moja ya ziada kwenye ngozi yao, iitwayo DL1. Za B zikaacha kuja. Zikaja za T.

Protini hiyo hushikana na kipokezi cha Notch kwenye seli changa. Na hapa pana siri nzuri: ukiimwaga DL1 majini, ikaelea tu, haifanyi kazi. Lazima iwe imeshikiliwa na kitu, ili seli mbili zikishikana moja ivute, na ule mvuto ndio unaokifungua kipokezi. Ujumbe ni mkono wa mlezi unaomvuta mwari. Hauwezi kutumwa kwa barua.

Kwa seli za binadamu, kundi la Gay Crooks na Christopher Seet wa UCLA, Los Angeles, lilikwenda mbali zaidi mwaka 2017. Badala ya kuzitandaza seli kwenye sahani, walichanganya walezi na seli shina, wakazikandamiza hadi zikawa tone zito, wakaliweka tone hilo juu ya utando mwembamba, lishe ikiwa chini na hewa juu. Likakaa hapo mpakani kwa wiki nyingi, likibadilishiwa lishe kila baada ya siku tatu au nne. Ndani ya tone lisilozidi punje ya choroko, wari wakakomaa kuwa seli za T. Mwaka 2019 kundi hilohilo likaonyesha kuwa inawezekana kuanzia kwenye seli shina za aina ya Kyoto.

Faida za kuotesha seli hizi zinajulikana, nitazitaja kwa haraka. Virusi vya UKIMWI hujificha ndani ya makrofaji, na vijidudu vya kifua kikuu hufanya makrofaji kuwa nyumba. Sasa inawezekana kuzisoma nyumba hizo, jeni kwa jeni, bila kumtoa mtu damu kila wiki. Kwetu magonjwa hayo si habari za vitabuni. Seli wauaji asilia, aina nyingine ya seli za kinga, zilizooteshwa kutoka seli shina zilianza kujaribiwa kwa wagonjwa wa saratani nchini Marekani mwaka 2019. Bado ni majaribio, na anayemwambia mgonjwa zaidi ya hapo anamdanganya.

Ila mimi hurudi kila mara kwenye chupa na mtu wake. Makala za kisayansi huandika mstari mmoja: seli zilivunwa kila wiki. Hausemi kwamba mtu huyo amejifunza kuinamisha chupa kwa pembe gani ili vidonge visipande, wala kwamba anaijua sauti ya pipeti inayokaribia kufyonza hewa, wala kwamba alikuja Jumamosi.

Na chupa nayo huzeeka. Baada ya miezi, vidonge vinaanza kulegea, vingine vinapasuka, na ukungu wa kila wiki unapungua mpaka maji yanabaki angavu. Hapo fundi huenda kwenye pipa la nitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri, anainua rafu katikati ya mvuke mzito, anatafuta kichupa chenye tarehe aliyoiandika mwenyewe. Anakizungusha ndani ya maji ya nyuzi 37 huku akikitazama. Hangoji barafu iishe yote. Inapobaki punje moja ndogo inayocheza katikati, anakitoa, anakifuta kwa spiriti, na kuanza kumimina lishe tone kwa tone.